Kozi ya utalii Arusha, pikipiki ya mkataba Moshi, au niendelee kujitolea? Naombeni ushauri

Kijana wa Rau
Habari zenu wakuu. Nina shahada, nimemaliza 2023 na mpaka leo sijapata ajira. Nipo Moshi kwa wazazi. Nimepata shilingi milioni 3 na natakiwa kuamua kabla mwezi haujaisha. Njia ninazoziona ni tatu.

Ya kwanza ni kozi ya uongozaji watalii Arusha, mwaka mmoja. Ada na kodi ya chumba vitaimaliza pesa yote. Ya pili ni kununua pikipiki nimkabidhi kijana kwa mkataba, aniletee hesabu kila siku. Ya tatu ni kubaki hapa ninapojitolea, kwenye ofisi moja ya umma, pesa iwe ya nauli na chakula huku naendelea kuomba kazi za serikali kwenye Ajira Portal. Pale ofisini wanasema nafasi zikitoka tutakumbukwa.

Ipi bora? Waliopitia naombeni mniambie ukweli.

Chalii wa Sakina
Shahada ya nini mkuu? Mwalimu, mhasibu na mtu wa kilimo hawawezi kupewa ushauri mmoja. Na leseni ya pikipiki unayo?

Mama Kiboriloni
Mwanangu, hiyo milioni 3 ni ya nani? Kama ni akiba yako nitakuwa na la kusema. Kama ni ya kukopa nitakuwa na lingine kabisa. Usinifiche.

Mgumu wa Lemosho
Kaka, usilipe ada ya utalii kabla hujapanda mlima hata mara moja. Mimi nina diploma ya maendeleo ya jamii, nilisota kama wewe, nikaanza kubeba mizigo Kilimanjaro. Watu wanatisha bure. Kikomo cha mzigo ni kilo 20 na mzani upo getini. Ukipata kampuni inayofuata utaratibu unalipwa siku zako, tipu zinakuja juu yake, Kiingereza kinazoea mdomo, na viongozi wanakuona ulivyo. Nilitoka kwenye kubeba nikawa mhudumu wa chakula, sasa ni msaidizi wa kiongozi. Cheti nilikifuata baadaye, kwa pesa niliyoitoa mlimani mwenyewe.

Ujue tu kwamba Aprili na Mei masika ikikolea kazi zinapungua sana. Miezi hiyo lazima uwe na kitu kingine.

Kijana wa Rau
Nimesoma ununuzi na ugavi. Leseni ya pikipiki sina.

Pesa ametoa mama. Amekopa kwenye kikoba chao, riba asilimia 10, marejesho miezi kumi kuanzia mwezi ujao. Tuna nusu ekari Uru, kahawa na migomba, lakini hiyo ni ya chakula na ada za wadogo zangu.

Mama Kiboriloni
Haya, sasa tumefika penyewe. Milioni 3 na riba yake ni milioni 3 na laki 3. Gawa kwa miezi kumi, ni 330,000 kila mwezi. Tuchukue pikipiki: kijana akuletee 8,000 kwa siku, siku sita za wiki, mwezi mzima ni laki 2 na kidogo. Hapo hajaugua, pikipiki haijalala kwa fundi wala kituoni. Kozi ya Arusha haikuletei hata mia mwaka mzima. Kujitolea ndiyo kabisa, kunakula nauli. Kwa hiyo mwanangu, katika njia zako zote tatu hakuna hata moja inayolipa deni la mama yako. Wenzake wa kikoba watamfuata yeye nyumbani, hawatakufuata wewe chuoni Arusha. Mimi ni mweka hazina wa kikoba, najua tunavyofuatana.

Chalii wa Sakina
Mama shikamoo. Hesabu umeipiga vizuri, ila umempigia mwenye pikipiki anayekaa nyumbani. Aendeshe mwenyewe! Achukue leseni daraja A, akae kijiweni kuanzia alfajiri. Anayeendesha yake mwenyewe, akitoa mafuta, anabaki na zaidi ya hiyo 8,000. Kinachomzuia ni shahada tu.

Kijana wa Rau
Kaka, shahada haijanizuia. Mama ndiye amekataa. Jirani yetu kijana wake alivunjika mguu kwa bodaboda, mama amemuuguza pamoja na mama yake. Amesema pesa yake hainunui pikipiki nitakayoipanda mimi.

Mwalimu wa Himo
Chalii, maneno ya "shahada inakuzuia" tuyaache. Watu wameuza ng'ombe na mashamba kusomesha. Kijana akisema anatafuta kazi ya alichosomea tunamwona ana maringo. Mbona daktari akikosa ajira hatumwambii akabebe abiria?

Chalii wa Sakina
Mwalimu, sijamdharau mtu. Mimi mwenyewe nina shahada, nauza vipuri Ngarenaro. Nasema njaa haisubiri tangazo.

Kuhusu kozi, niongee kama mtu wa Arusha. Hapa Sakina vijana wenye cheti cha uongozaji ni wengi kuliko magari ya kuongoza. Kampuni inamtaka mtu anayeendesha Landcruiser porini kwenye tope, anayelirekebisha likizima, anayejua ndege na wanyama, na zaidi ya yote lugha. Kiingereza kila mmoja anacho. Simu inampigia kwanza mwenye Kijerumani, Kifaransa au Kihispania. Kozi ya mwaka haikupi hayo yote. Kama lazima usome, kaulizie VETA pale Njiro na kampasi ya Chuo cha Taifa cha Utalii kabla hujampa mtu binafsi ada yako, na hakikisha chuo kimesajiliwa NACTVET, lile baraza la vyuo vya ufundi.

Mgumu wa Lemosho
Hapo kwenye lugha nakuunga mkono. Ila mlima hauhitaji gari. Ajaribu safari moja ya Machame au Marangu ndipo aamue.

Mama Kiboriloni
Siku sita mlimani na marejesho ya kikoba nani anayapeleka?

Mgumu wa Lemosho
Mama, akishuka anayapeleka yeye. Wengi wetu tunalea familia hivyo hivyo.

Karani wa Zamani
Wakuu, nimesoma kimya muda mrefu. Naomba niizungumzie hiyo ya tatu kwa urefu, maana ndiyo inayonichoma.

Nilimaliza shahada ya utawala. Nikaandika barua ya kujitolea kwenye ofisi moja ya umma, ofisi na mkoa sitavitaja. Nikapokelewa vizuri, nikapewa kiti masjala. Mwanzoni nilikuwa napanga mafaili tu. Baadaye karani mmoja akahamishwa, hakuletwa mwingine, kazi yake yote ikahamia kwangu. Barua zinazoingia nasajili mimi, dokezo naandaa mimi, sahihi anaweka mwingine. Asubuhi nafika kabla ya wenye mishahara kwa sababu funguo ninazo mimi. Mchana wenzangu wakienda kula nabaki kupokea simu, kwa kuwa pesa ya kula sina na kuwafuata ni aibu. Nauli anatuma baba kila Jumapili jioni. Mzee wa zaidi ya miaka sitini anamtumia nauli kijana mwenye shahada ili akafanye kazi ya serikali bure!

Kila nikimuuliza bosi anasema vumilia, tumeomba kibali kwenye bajeti ijayo. Kibali kikatoka kweli. Nafasi ikatangazwa Ajira Portal, na nchi nzima ikaomba. Nikaitwa usaili Dodoma. Baba akauza mbuzi nipate nauli na pesa ya gesti. Mchujo sikuvuka. Maswali yalikuwa ya sheria na kanuni za utumishi wa umma, na muda wa kuzisoma nilikuwa nashinda masjala nasajili barua. Aliyepata alitoka mkoa mwingine, kijana mzuri, sina kinyongo naye. Siku aliyoripoti bosi akaniomba nimfundishe kazi. Nikamfundisha mpaka akaweza, nikamkabidhi funguo, nikaondoka. Barua ya kuthibitisha kwamba nilifanya kazi pale niliifuatilia kwa nguvu kama ninayedai mshahara.

Mdogo wangu, shika hili: wakikuambia utakumbukwa, huenda wanamaanisha kwa moyo mweupe, lakini hawana mamlaka hayo. Ajira zinapita Sekretarieti ya Ajira. Anayekukumbuka haandiki mtihani wako. Kama unajitolea, omba siku mbili tatu kwa wiki, zinazobaki usome kwa ajili ya mchujo au utafute pesa. Na barua yako ya uzoefu idai ukiwa bado ndani, wanapokuhitaji.

Mama Kiboriloni
Pole sana mwanangu. Na mzee wako Mungu amlipe.

Mwalimu wa Himo
Inauma. Ila si wote. Mimi nilijitolea shule ya sekondari ya kata, mkuu wa shule akanipendekeza kwa shule binafsi ya jirani, nipo pale mpaka sasa. Mshahara mdogo lakini upo. Nikipangiwa usaili wa serikali nakwenda, siku hizi hata sisi walimu tunafanyishwa usaili.

Karani wa Zamani
Mwalimu, wewe ulipata kwa sababu shule binafsi inaajiri yenyewe. Ofisi ya umma haiwezi. Ndiyo tofauti ninayoisema.

Mzabuni wa Mbuyuni
Mpaka hapa mmejadili mlima, pikipiki na masjala. Taaluma yake hakuna aliyeigusa. Amesomea ununuzi na ugavi! Tangu 2023 zabuni za serikali zimehamia NeST, mfumo wa ununuzi wa mtandaoni. Hapa Moshi kuna mwenye duka la vifaa vya ofisi, fundi seremala, mama lishe, kikundi cha akina mama wanaoshona sare, wote wangependa kuuzia shule na zahanati, lakini kujisajili ni mtihani. Wanampelekea kijana wa steshenari anajaza kwa kubahatisha. Sheria ya ununuzi inatenga asilimia 30 kwa makundi maalumu, yaani vijana, wanawake, wazee na wenye ulemavu, na wengi wao hawajui hata pa kuanzia.

Nunua laptop iliyotumika na bando, anza kusajili watu, andaa nyaraka zao, tunza TIN na leseni zao zisipitwe na muda. Inayobaki weka kwenye usajili wa PSPTB, bodi ya wataalamu wa ununuzi na ugavi, na mitihani yake ya CPSP. Mtu wa ununuzi asiyesajiliwa na bodi anajifungia mlango mwenyewe, maana sheria inautaka usajili huo na waajiri wanauuliza.

Chalii wa Sakina
Mangi, zabuni za umma tunazijua. Nimepeleka vipuri mahali, malipo yalikuja nimeshasahau bei. Mtu wa marejesho ya kila mwezi hawezi kusubiri hivyo.

Mzabuni wa Mbuyuni
Sijamwambia auze vipuri. Auze huduma ya kusajili na kuandaa. Mteja analipa hapo hapo, zabuni aishinde au asiishinde.

Chalii wa Sakina
Na mteja wa kwanza anatoka wapi? Watu hawalipi karatasi mkuu, wanalipa bidhaa.

Mzabuni wa Mbuyuni
Aende kwenye vikundi. Waliochukua mikopo ya halmashauri wapo, wanatafuta pa kuuza.

Mwalimu wa Himo
Kwa nini asichukue huo mkopo wa halmashauri mwenyewe? Ni ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 ya vijana, haina riba. Unamlipa mama kikoba chake, unabaki na deni jepesi.

Mama Kiboriloni
Unataka kikundi, Mwalimu. Mmoja akitoroka na sehemu yake mnabaki mnatazamana. Kikundi kinaundwa na watu wanaofahamiana kwa miaka, hakiundwi kwa sababu ya tangazo. Na mkopo mmoja kulipa mwingine nimeona nyumba zikiingia kwenye mnada hivyo hivyo.

Mwalimu wa Himo
Mama, bila riba na kwa riba ni vitu viwili tofauti.

Karani wa Zamani
Mdogo wangu, na Bodi ya Mikopo unadaiwa? Kama ulisoma kwa mkopo kumbuka siku ukiajiriwa asilimia 15 ya mshahara inaondoka kwanza. Piga hesabu zako na hiyo ndani.

Kijana wa Rau
Ndiyo, nadaiwa na Bodi. Nashukuru wote, na Karani nimekusoma mara mbili. Leo nimeomba ofisini nipunguziwe siku, wamesema watanijibu.

Nimekaa na mama. Hataki kurudisha pesa kikobani, anasema alisimama mbele ya wenzake akaitetea. NeST nimeingia na kusoma mwongozo, sehemu kubwa ni vitu tulivyosoma darasani. Kuna shangazi yangu ana kikundi cha ushonaji Majengo, nitaanza na wao. Ila kozi ya Arusha bado ipo moyoni. Wiki ijayo nakwenda Njiro kuuliza ada kwa mdomo wangu. Pikipiki nayo sijaifuta, kuna ya mtu anauza.

Mama Kiboriloni
Vyote vitatu kwa milioni 3 haviwezekani mwanangu. Marejesho ya kwanza yaweke pembeni leo, kabla hujapanda gari la Arusha. Umenisikia?

Mgumu wa Lemosho
Ukishuka Arusha nitafute, kuna safari mwezi ujao wanatafuta watu.

Chalii wa Sakina
Hiyo pikipiki inayouzwa ni ya aina gani na ni bei gani? Kadi ina jina la nani?

Kijana wa Rau
Boxer, anataka milioni 1 na laki 8. Kadi sijaiona.

Chalii wa Sakina
Usitoe hata mia kabla hujaona kadi. Kisha mwombe aiwashe ikiwa ya baridi, asubuhi, wewe ukiwepo. Injini iliyofunguliwa utaisikia na moshi utauona.

Mwalimu wa Himo
Samahani wenye uzi, na mimi nina shemeji anayetaka kuingia mkataba huku Himo. Kwa mkataba wa mwaka na nusu, bosi na dereva nani anatoa bima na matengenezo?

Chalii wa Sakina
Huku kwetu bima ni ya bosi, matengenezo madogo ya dereva, injini wanagawana. Mwandikishe mbele ya mwenyekiti wa mtaa na mashahidi wawili, asikubali ya mdomo.

Mzabuni wa Mbuyuni
Injini wanagawana? Moshi haiko hivyo, injini ni ya bosi mpaka mkataba uishe.