Modeli yangu inanyesha saa sita mchana, Masaka hainyeshi saa hizo

Mtakwimu wa Masaka

Ndugu zangu, naomba msaada. Nimeendesha WRF, modeli ya kompyuta ya kukokotoa hali ya hewa ya eneo, yenye miraba ya kilomita 25 kwa msimu wa Machi hadi Mei, nikiilisha mipakani matokeo ya modeli moja ya dunia nzima. Jumla ya mvua ya msimu kwa upande wa Masaka, huku Uganda magharibi ya Ziwa Victoria, inakaribiana na ile ya vipimamvua, na ningeridhika hapo kama nisingechungulia saa kwa saa. Kumbe nchi kavu inapata manyunyu karibu kila siku ifikapo saa sita mchana, ilhali huku kwetu mawingu huanza kujikusanya watu wakisha kula, na radi huja alasiri. Ziwani nako, kuzunguka visiwa vya Ssese, inanyesha usiku na mchana bila kubagua, wakati mvuvi yeyote wa Kalangala atakwambia kwamba dhoruba ya kuogopwa ni ile ya saa kumi alfajiri. Je, nibadilishe skimu ya mawingu, yaani kanuni ambazo modeli hukisia mawingu kwazo, au kuna jambo la kuangaliwa kabla ya hapo?

Mzee wa Entebbe

Mwanangu, usiguse mawingu kabla hujalitazama ziwa. Katika modeli nyingi za dunia nzima miraba ni mipana kiasi kwamba Ziwa Victoria, pamoja na ukubwa wake wa karibu kilomita za mraba 68,800, huwa ni doa tu au halimo kabisa. Programu ya kuandaa data ikikosa joto la maji ya ziwa huweza kuliazima kutoka maji ya karibu inayoyafahamu, na maji hayo ni Bahari ya Hindi. Fungua faili la mwanzo usome joto la maji lililoandikwa mbele ya Bukakata, ufukweni kwenu. Ukikuta nyuzi 28 au 29, basi ziwa lililoko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari umelipa joto la maji ya Mombasa.

Kosa hilo si dogo, kwa sababu mvua ya ziwani hutegemea tofauti ya joto kati ya maji na nchi kavu. Mchana ardhi hupata joto upesi, upepo huvuma kutoka ziwani na mawingu ya ngurumo hujengeka bara. Usiku ardhi hupoa, ule upepo wa nchi kavu ambao watu wa pwani huuita umande hutoka kila upande, hukutana juu ya maji yaliyobaki na joto, na hewa haina pa kwenda ila juu. Ukilizidishia ziwa nyuzi tatu au nne, hewa itapanda mchana kutwa na usiku kucha, na hicho ndicho unachokiona. Weka joto lililopimwa na setilaiti, au washa modeli ndogo ya ziwa inayokokotoa yenyewe joto la maji.

Fundi wa Gulu

Nakubaliana na Mzee kuhusu ziwa, ila ziwa halitakuondolea mvua ya saa sita huko bara. Hiyo ni kazi ya skimu ya konveksheni, ile ile ya mawingu uliyoiuliza. Kwenye mraba wa kilomita 25 modeli haiwezi kuliona wingu moja moja, kwa hiyo hukisia, na skimu nyingi hufyatuka mara tu ardhi inapopata joto. Wingu halisi huhangaika kwa saa kadhaa, likichanganyika na hewa kavu ya pembeni na kunywea, kabla halijafika juu. Ukiongeza kiwango cha mchanganyiko huo katika skimu, mvua itachelewa kidogo, lakini mara nyingi utakuwa umeharibu jumla uliyokuwa ukiifurahia. Mimi jumla sahihi iliyopatikana kwa saa zisizo sahihi siiamini hata kidogo, maana modeli ya namna hiyo ikipelekwa mwaka 2050 itabadilisha kitu ambacho hakipo.

Dawa yenye nguvu zaidi ni kushuka hadi kilomita 4 hivi na kuizima skimu, kama walivyofanya Waingereza katika modeli yao ya CP4-Africa, iliyotumia kilomita 4.5 kwa bara zima. Gharama yake inatisha: kutoka 25 hadi 4 hesabu huongezeka takriban mara 240, kwa kuwa miraba huongezeka pande mbili na hatua za muda nazo hufupishwa. Hata hapo mvua kubwa huweza kuzidi kipimo. Kwa hiyo chora kisanduku kidogo kinachozunguka ziwa, uendeshe siku chache za dhoruba, kisha ulinganishe na picha za setilaiti ya Meteosat za kila dakika 15.

Jambo jingine: kipimamvua husomwa saa tatu asubuhi, nawe huenda unajumlisha kuanzia usiku wa manane wa Greenwich, ambao kwetu ni saa tisa usiku. Dhoruba ya saa kumi alfajiri itaangukia siku mbili tofauti.

Mtakwimu wa Masaka

Mzee, shikamoo. Nimefungua faili: nyuzi 29, sawasawa kutoka Bukakata hadi Kisumu, bila hata alama ya kisiwa. Nimeweka joto la setilaiti na kurudia siku kumi; mvua ya mchana ziwani imepungua sana na ya alfajiri imejitokeza, ingawa inatangulia kama saa mbili. Bara bado saa sita ni ile ile, kama Fundi alivyosema. Jumla nazo nilikuwa nikizikata saa tisa usiku, kwa hiyo jedwali langu lote la siku kwa siku nalirudia. Kisanduku cha kilomita 4 nitakianza Ijumaa jioni, umeme ukiwepo.

Fundi wa Gulu

Magharibi ya kisanduku usiishie Masaka. Kisogeze hadi kwenye vilima vya Mbarara, la sivyo mpaka utakata upepo ule ule unaoutafuta.