Mjadala: Mkusanyiko wa mashabiki wa tamthilia Kigoma, tuvae wahusika wa nje au wa kwetu tu?

Binti wa Kibirizi
Habari za jioni wana Kigoma na majirani zetu wa Tabora. Hili jambo limenikaa kooni wiki nzima, naomba tulijadili.

Tuko vijana kumi na wawili. Tunataka Jumamosi moja tuwakutanishe mashabiki wa tamthilia na muvi hapa mjini. Kila mtu aje amevaa kama mhusika anayempenda, tuangalie vipande vya zamani, tubishane nani steringi bora, jioni tule mgebuka wa kuchoma, kila mtu kwao. Tulipokwenda kuomba ukumbi (siutaji), mzee mmoja wa kamati akatupa sharti: wahusika wote wawe wa Kitanzania. Hataki kuona watoto wa Kigoma wamevaa Kikorea.

Mimi nilitaka kuja kama Soseono wa Jumong, ile tamthilia ya Kikorea. Mama yangu anauza dagaa pale Kibirizi tangu sijazaliwa. Siku Soseono alipokuwa anaongoza msafara wa biashara wa baba yake, anapatana bei na wanaume wenye mapanga viunoni, mama aliacha kupima dagaa, sado ikabaki hewani mkononi, akasema, "Huyu biashara anaijua." Tangu siku hiyo hakukosa kipande hata kimoja. Sasa niambiwe Soseono si wa kwetu?

Na wanaosema haya ni mambo ya wenye pesa: ule mkusanyiko mkubwa wa San Diego kule Marekani ulianza mwaka 1970 hotelini, watu kama 300 tu. Leo wanaingia zaidi ya 130,000. Hata wao walianza na ukumbi wa kuomba.

Semeni. Tukubali sharti au tutafute pengine?

Mwalimu wa Katubuka
Dada yangu nakuheshimu, ila mzee wa kamati kasema kweli. Nafundisha darasa la sita. Nikiuliza nani alianzisha ufalme wa Goguryeo kule Korea, mikono yote juu: Jumong. Nikiuliza Mtemi Mirambo alifariki mwaka gani, kimya. Ni 1884. Nikiuliza Mtemi Isike wa Unyanyembe alifanya nini mwaka 1893 Wajerumani walipoingia bomani kwake, kimya. Alilipua ghala la baruti asikamatwe akiwa hai. Hao wakishonewa mavazi, watoto watawajua.

Na tuseme ukweli, wengi wenu hamkuwahi kumwangalia huyo Jumong. Mlimsikiliza jamaa wa kutafsiri akipiga kelele juu ya picha. Aliyeangalia ni aliyesoma maandishi ya chini.

Shabiki wa Mopalmo
Mwalimu, rudia hapo. "Hamkuwahi kumwangalia"? Mimi?

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Kibanda umiza cha Mwanga, shilingi mia mlangoni, TV ya chogo juu ya kabati, turubai jeusi madirishani, watu themanini jasho linatiririka. Kibanda chetu kilifuata mwezi. Usiku wa giza wavuvi wako ziwani na taa zao, mabenchi matupu. Mbalamwezi ikiingia dagaa hawafuati taa, wavuvi wanabaki nchi kavu, wote wako kwetu.

Nakumbuka usiku Mopalmo, mhunzi wa kwenye Jumong, alipopata upanga usiovunjika. Panga za Buyeo, ufalme alikokulia Jumong, zilikuwa zinakatika mbele ya panga za Han, adui zao wa China, na yule mhunzi anahangaika na tanuru kipande baada ya kipande, anaungua, anaanza upya. Siku upanga wake ulipokata wa mwenzake, mtafsiri hakupiga kelele. Alinyamaza. Halafu akasema taratibu, "Fundi, kazi yako imekubali." Wanaume wazima walisimama. Mbele yangu alikaa fundi wa kuchomelea wa mtaani kwetu, akajifuta macho kwa fulana. Leo mimi mwenyewe ni fundi wa kuchomelea. Niambie tena kwamba sikuona.

Mnyamwezi wa Isevya
Shikamoo mwalimu. Kwenye watafsiri niko upande wako, lakini Mirambo na Isike waache, hao ni wa Tabora. Kigoma tafuteni wenu.

Watafsiri walituharibia. Mtu anakata roho mikononi mwa mkewe, mtafsiri anatusimulia mpangaji wake aliyekimbia na kodi. Jumong ina vipande zaidi ya mia, na nusu ya maneno tuliyosikia hayakuwemo. Nilipoiangalia upya kwa sauti zao wenyewe ndipo nikamwelewa Daeso. Ni mtoto wa kwanza wa mfalme anayeona baba yake anampenda Jumong, mtoto wa mtu mwingine, kuliko yeye. Yale maumivu yanaonekana usoni. Mtafsiri wetu alimfanya mlevi wa kijiweni, na tukamchukia bure miaka yote.

Dogo wa Mwandiga
Kaka, vipande ni 81, siyo mia. Kwao ilionyeshwa 2006 hadi 2007.

Mama wa Gungu
Wanangu, naomba niseme kidogo. Hayo maandishi ya chini yalikuwa ya Kiingereza. Marehemu mume wangu alikuwa mvuvi, shule aliishia la pili. Alikuwa anarudi kutoka kibandani saa tano usiku namwekea chakula, ananisimulia kipande kizima mpaka tonge linapoa mkononi. Alikuwa anajua nani kamsaliti nani na kwa nini. Kama mwenye kuangalia ni aliyesoma, basi yeye alikuwa anafanya nini pale?

Na Isidingo ya ITV, ile tamthilia ya Afrika Kusini, hatukutafsiriwa na mtu. Kiingereza sina, lakini Cherel nilimjua kwa macho. Akitabasamu nilijua kuna mtu kaisha.

Mwalimu wa Katubuka
Fundi, usinigeuze adui. Hakuna mahali nimewadharau wavuvi, baba yangu mwenyewe ni mvuvi wa Ujiji. Nimezungumzia wanaotafsiri wasichokijua. Mtu akitafsiri hukumu mahakamani namna ile atafungwa. Kwa nini kwenye sanaa tumsifu?

Halafu kumbukeni televisheni yenyewe nchi hii imeingia 2000. Kabla ya hapo tulikuwa na hadithi za bibi jioni, na wahusika wake walitutosha.

Mzee wa Reli
Mwalimu, 2000 ni TVT ya serikali, hii inayoitwa TBC leo. ITV ilianza 1994. Na ndugu zetu wa Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzo wa miaka ya 1970, sisi bara tunasikiliza redio. Tusipunguze historia.

Mimi ni mstaafu, niko Tabora. Miaka ile ya Jumong nilikuwa kwenye treni ya Dar na Kigoma. Mizigo ya CD zilizotafsiriwa ilikuja kwenye maboksi ya sabuni, imefungwa kamba ya katani. Tukifika Tabora, pale njia ya Mwanza inapoachana na ya Kigoma, vijana walikuwa wananingoja saa nane za usiku hata kama mvua inanyesha. Swali lao moja: "Mzee, imekuja?" Siku behewa lilipoacha reli njiani tukachelewa siku mbili, nilipofika Kigoma watu walikuwa wamekaa stesheni. Hawakuuliza kilichotupata. Waliuliza Jumong ametoka gerezani au bado.

Nimewasikia watafsiri wengi, tangu enzi za Lufufu. Wapo waliokuwa wanajaza maneno tu, kijana wa Isevya hajakosea. Lakini mzuri alikuwa anaiangalia muvi mara nne tano kabla hajashika maiki. Hiyo ni kazi, mwalimu.

Kijana wa Ujiji
Narudi kwa Mirambo. Mnamtaja kama steringi wa wote. Mwaka 1871 Mirambo alifunga njia ya misafara kati ya Tabora na Ujiji, Stanley mwenyewe ikabidi azunguke kusini ndipo afike kwetu. Mzigo haupiti. Kwa mtu wa Ujiji wa wakati ule Mirambo ni nani? Na mwalimu kawaweka Mirambo na Unyanyembe ya Isike kapu moja, wakati walipigana miaka. Ukumbini ataingia Mirambo na ataingia Isike, nani atakuwa steringi na nani adui? Wahusika wa kwetu nao wana kesi zao.

Mnyamwezi wa Isevya
Mirambo alifunga njia kwa sababu wafanyabiashara wa Kiarabu walitaka kupita nchi yake bila kulipa hongo, yaani ushuru wa njia, na bila heshima. Na msafara wenyewe ulikuwa umebeba nini? Pembe na watu waliofungwa. Unalilia mzigo huo?

Kijana wa Ujiji
Usiniwekee maneno mdomoni. Bibi wa bibi yangu alifika Ujiji akiwa amefungwa, alivushwa ziwa kutoka ng'ambo ya Kongo. Nakijua kilichopita njia ile kuliko wewe. Nilichosema ni kwamba mtu mmoja hawezi kuwa steringi kwa kila mtu, na hamwezi kumlazimisha mtoto wa Ujiji avae Mirambo kwa sababu tu ni Mtanzania.

Mnyamwezi wa Isevya
Hapo nimekuelewa. Samahani ndugu yangu, niliwaka haraka.

Dogo wa Mwandiga
Mbona hakuna anayetaja ile ya Kichina iliyodabiwa kwa Kiswahili, Doudou na mama wakwe zake? TBC waliirusha 2011. Ile hakuna mtafsiri anayeongea juu ya watu, kila mhusika ana sauti yake. Mama wakwe wawili, maana wazazi wa mume wameachana, na huyo dada hana pa kupumulia. Nyumbani kwetu shangazi zangu walinuniana kwa sababu ya ile tamthilia. Waliopinga watafsiri semeni: hiyo nayo imeharibika?

Shabiki wa Mopalmo
Dogo, ile nzuri, sikatai. Ila ni tofauti. Pale sauti zimekaa ndani ya picha. Mtafsiri wa kibandani alikuwa amekaa na sisi. Akiona tumekata tamaa anatupa moyo, akiona mtoto anaogopa anamwambia, "Usijali, steringi hafi." Nilikuwa mtoto huyo.

Mwalimu wa Katubuka
Na kweli hakufa?

Shabiki wa Mopalmo
Hakufa, mwalimu.

Binti wa Kibirizi
Ndugu zangu, ukumbi! Nimeacha simu nusu siku narudi nakuta mko 1871.

Niwape jambo moja. Star Trek, tamthilia ya Marekani ya mwaka 1966, ina mhusika anaitwa Luteni Uhura, mwanamke mweusi anayeongoza mawasiliano ya chombo cha anga. Jina lake limetoka kwenye neno letu, uhuru. Aliyemwigiza, Nichelle Nichols, alisimulia kwamba baada ya msimu wa kwanza alitaka kuacha, na Martin Luther King alipokutana naye akamsihi abaki, kwa kuwa watu walikuwa wanajiona kwa mara ya kwanza wakiwa na hadhi ile. King mwenyewe alikuwa shabiki wake. Fikirini, miaka mitano tu baada ya uhuru wetu, neno letu liko kwenye televisheni ya Marekani, ndani ya jina la dada yule. Mzee wa kamati aniambie, huyo nimweke upande gani? Nikimvaa nitafukuzwa mlangoni?

Mwalimu wa Katubuka
Uhura si neno. Ni uhuru. Wamechukua wameharibu.

Dogo wa Mwandiga
Mwalimu, walibadilisha mwisho lisikike kama jina la kike. Majina yetu wenyewe tunayafanya hivyo kila siku. Nani anayemwita Hadija jina lote?

Mwalimu wa Katubuka
Hadija anabaki Hadija kwenye cheti. Uhuru tuliupata tukiwa na herufi u mwishoni. Mimi nafundisha Kiswahili, sitaacha hilo lipite.

Mama wa Gungu
Mwanangu wa Kibirizi, mie nina kitambaa cha hariri cha bluu nilichonunua Bujumbura zamani, sijawahi kukishona. Hiyo nguo ya Soseono ina mikono mipana, siyo? Njoo nikupime.

Binti wa Kibirizi
Mama, asante sana. Nakuja kesho baada ya soko. Mama yangu ameshaniuliza yeye atavaa nini, sikujua kama anataka kuja.

Kuhusu ukumbi nimeamua: siendi kusaini lile sharti. Atakayetaka kuja kama Mirambo aje, kama Isike aje, nitawapokea kwa mikono miwili. Lakini siwezi kumwambia fundi aache tanuru lake nje. Kuna mwenye uwanja wa nyumba pale Mwanga amesema tunaweza kufunga turubai.

Mwalimu wa Katubuka
Mama wa Gungu, nimerudi kusoma ulichoandika kuhusu marehemu. Pole mama. Lile neno la "aliyesoma" nalifuta. La ukumbi silifuti. Nitakuja na wanafunzi wangu watano, wote watakuwa wa kwetu, na kila mmoja atasimama aeleze huyo aliyemvaa alikuwa nani. Nipewe nusu saa.

Kijana wa Ujiji
Mwalimu, na mmoja awe mtu wa Ujiji wa kawaida. Asiwe mtemi.

Mwalimu wa Katubuka
Nieleze habari za bibi wa bibi yako. Nitafute faraghani.

Shabiki wa Mopalmo
Mzee wa Reli, shikamoo. Katika yale maboksi, hukubakiwa na Jumong hata moja iliyotafsiriwa? Kwenye simu nimepata za sauti ya Kikorea tu. Nataka ile ya kwetu.

Mzee wa Reli
Marahaba fundi. Ninazo tatu kwenye kabati, mke wangu anafunikia mitungi ya asali.

Shabiki wa Mopalmo
Kipande cha upanga kimo?

Mzee wa Reli
Kimo. Kinaganda kidogo pale anaponyanyua nyundo, halafu kinaendelea. Nitampa kondakta wa Alhamisi, mngojee stesheni.