Aliyemaliza kifungo aaminiwe na siri za serikali?

Mleta mada: Wakuu, nimesoma kesi moja ya Marekani, Department of the Navy v. Egan, hadi sasa haijanitoka. Thomas Egan aliajiriwa mwaka 1981 kama mnyapara wa vibarua kwenye kituo cha jeshi la majini cha Bremerton, jimbo la Washington, panapohudumiwa nyambizi za Trident, zinazobeba makombora ya nyuklia. Pale hata mnyapara lazima awe na kibali cha usalama, yaani ruhusa ya kuaminiwa na siri za serikali. Upekuzi ukaibua hukumu za nyuma, ya shambulio na ya kukutwa na bunduki, pamoja na ulevi. Mwaka 1983 akanyimwa kibali, kazi nayo ikaenda. Alijitetea kwamba adhabu ameimaliza na pombe haijamsumbua kwa miaka mitatu. Mwaka 1988 Mahakama ya Juu, majaji 5 kwa 3, ikasema hakuna mtu mwenye haki ya kupewa kibali. Sasa huyu ajirekebishe mara ngapi?

Mchangiaji 1: Mkuu, umeruka kipande. Kwenye fomu ya kazi hakuandika makosa mawili ya kutembea na silaha yenye risasi. Alisema ni ya zaidi ya miaka saba na alivyoielewa fomu, haikuyataka. Huenda kweli. Ila ningekuwa mpekuzi, hilo lingenisumbua kuliko ngumi alizopiga. Ukificha jambo, anayelijua anaweza kukutumikisha.

Mchangiaji 2: Hiyo ni zamani. Mwongozo wao wa kutoa vibali unaotumika tangu 2017 unataja kabisa dalili za kurekebika: muda umepita bila kosa jingine, umelipa uliowadhulumu, umesoma, una rekodi nzuri kazini. Mzigo wa kuthibitisha ni wako, na shaka ikibaki wewe ndiye unayekosa. Mimi hapo sina ugomvi. Ugomvi wangu ni sheria ya 2008: ukihukumiwa kifungo cha zaidi ya mwaka na ukakaa ndani angalau mwaka mzima, milango ya siri nzito imefungwa, labda usamehewe sharti hilo kwa ruhusa maalumu. Kwa hiyo wawili wenye kosa moja, mwenye wakili mkali akatoka na miezi kumi, wanatenganishwa na wakili. Kurekebika hakujaulizwa bado!

Mchangiaji 3: Mtaani kwetu aliyewahi kufungwa kwa wizi ndiye mweka hazina wa kikundi cha kufa na kuzikana. Hatukumpa siku aliyotoka. Tulimwangalia miaka, kwanza akabeba viti, baadaye daftari. Mpekuzi atamwangalia lini? Yeye ana faili tu.

Mleta mada: Si faili tu, kwa vibali vya juu wanahoji hadi majirani. Tatizo langu liko mbele ya hapo. Majirani wote waseme kabadilika, afisa aseme bado ana shaka. Kesi ya Egan iliamua kwamba bodi inayosikiliza rufaa za watumishi haina mamlaka ya kuipima hiyo shaka. Mchangiaji 1, hilo nalo unalikubali?

Mchangiaji 1: Kwa nyambizi zenye nyuklia, ndiyo. Kwa karani wa stoo, hapana.