Tupeane uzoefu: kusafisha mtutu wa bunduki ya upepo kwa vitu vya nyumbani

Mwanzisha mada

Wakuu, vifaa vya dukani vya kusafishia mitutu ni ghali, na vingi vimetengenezwa kwa ajili ya bunduki za baruti. Ya upepo haina masizi ya baruti wala mabaki ya shaba. Kinachoganda ndani ni risasi (ile metali laini) inayokwanguka kutoka kwenye peleti, yaani vile vipande vinavyofyatuliwa, pamoja na mafuta na vumbi. Kwa hiyo vitu vingi vya nyumbani vinatosha, ila vingine vinaua bunduki kabisa. Mwenye njia aiweke na vipimo vyake, na aseme ikikosewa inaharibu nini. "Inafanya kazi" peke yake haisaidii mtu.

Kabla ya lolote: magazini nje, hakuna peleti ndani, bunduki haijakokiwa.

Nailoni

Kifaa rahisi kuliko vyote ni uzi wa nailoni wa mashine ya kufyekea nyasi, ule wa mviringo. Kwa mtutu wenye tundu la .177 (milimita 4.5) chukua wenye unene wa milimita 2. Kwa .22 (milimita 5.5) chukua wa 2.4 au 2.7. Kata urefu wa mtutu, ongeza sentimita 30 za kushikia.

Uzi huo ukitoka kwenye roli unakuwa umejikunja. Utumbukize kwenye maji ya moto kama dakika moja, unyooshe, uache upoe ukiwa umenyooka. Ncha moja ikate mshazari iwe kali. Ncha ya pili ipashe kwa kiberiti cha gesi hadi ianze kuyeyuka, kisha ikandamize kwenye chuma baridi kilicho bapa. Inatoka na kichwa kama cha msumari. Kwa .177 kichwa kisizidi milimita 3, kwa .22 kisizidi 4. Kikizidi, kipunguze kwa msasa, na hakikisha hakijabaki na makali ya pembeni. Kipitishe kitupu kwanza. Kikikwama bila kitambaa, usijidanganye kwamba kitapita na kitambaa.

Sasa toboa kitambaa katikati kwa ile ncha kali, kisukume mpaka kwenye kichwa, ingiza uzi upande wa kupakia peleti na uvute utokee mdomoni mwa mtutu. Kitambaa kitajikunja chenyewe kuzunguka kichwa. Mwendo uwe mmoja, wa taratibu, bila kusimama katikati. Kikishatoka usikirudishe ndani, maana utakuwa unarudisha uchafu uleule.

Fundi Pete

Niongeze kwenye kitambaa, kwa sababu hapo ndipo wengi wanakwama, tena kwa maana halisi ya neno. Fulana kuukuu ya pamba tupu ndiyo nzuri. Yenye nailoni nyingi inateleza tu, hainyonyi kitu. Taulo linaacha nyuzi. Karatasi ya chooni isiingie kabisa: ikilowa inakatika na kubaki ndani.

Kwa .177 anza na mraba wa sentimita 2 kwa 2, kwa .22 anza na 2.5. Kinatakiwa kibane kidogo, uvute kwa vidole bila kutumia nguvu ya bega. Ukifika mahali pa kuzungusha uzi mkononi ili upate nguvu, kitambaa ni kikubwa. Angalia pia kama mtutu wako umebanwa kidogo kuelekea mdomoni, kama ilivyo mingi ya bunduki nzuri. Kitambaa kinapita vizuri safari nzima, halafu kinakaza sentimita chache za mwisho. Huo si uchafu. Punguza milimita mbili kila upande uendelee.

Kikikwama, usivute mpaka uzi ukatike. Kisukume kirudi kilikotoka kwa fimbo ya shaba au ya mbao ngumu iliyonyooka, inayokaribia upana wa tundu. Mshikaki wa mianzi ni mwembamba na unapasuka vipande, utakuwa na matatizo mawili badala ya moja.

Mvuvi wa Jioni

Asiye na uzi wa kufyekea atumie mshipi wa kuvulia, nailoni moja nene ya milimita 0.6 hadi 0.8. Chukua urefu mara tatu ya mtutu, ukunje katikati, sukuma kile kitanzi kuanzia mdomoni mpaka kichungulie upande wa kupakia. Pachika kitambaa kwenye kitanzi, shika ncha mbili zilizobaki mdomoni, vuta.

Faida yake ni hii: kabla ya kuvuta, pitisha kipande kingine cha mshipi kwenye mkunjo wa kitambaa kiwe mkia wa nyuma. Kikikwama, unakivuta kwa mkia kirudi. Uzi wa kufyekea hauna nafasi hiyo.

Angalizo: vuta ukiwa sambamba na tundu. Ukivuta kwa pembe, mshipi unasugua ukingo wa mdomo mahali palepale kila mara. Ukingo huo ndio wa mwisho kugusa peleti. Ukiumia upande mmoja, hewa inatoka isivyo sawa na peleti inakwenda inakotaka.

Mzee wa Springi

Hapa kwenye vimiminika nisikilizeni vizuri, wanangu, maana kitambaa kikavu hakijawahi kuharibu bunduki ya mtu, lakini chupa zimeharibu nyingi.

Bunduki ya springi inagandamiza hewa ghafla na hewa hiyo inapata joto kali. Mafuta ya aina yoyote yatokanayo na petroliamu yakiingia kwenye silinda yanawaka, kama ndani ya injini ya dizeli. Dalili ni mlio mkali usio wa kawaida, moshi mdomoni na peleti kwenda kasi tofauti kila mara. Ikiendelea, sili ya pistoni (ile inayozuia hewa kuvuja) inaungua na springi inaweza kukatika. Kwa hiyo WD-40 (mafuta ya kopo la kupuliza), mafuta ya taa na mafuta ya cherehani visipulizwe wala kumiminwa mtutuni. Mafuta ya cherehani ni ya nje: tone moja kwenye kitambaa, futa chuma kisishike kutu, basi.

Zile za hewa iliyojazwa, zenye shinikizo la bar 200 hivi, ni hatari zaidi. Mafuta hayo ya petroliamu kwenye njia ya kujazia hewa yanaweza kulipuka. Pete zake za mpira zinataka mafuta ya silikoni halisi tu. Na silikoni hiyo hiyo usiipake kwenye springi, kwani chuma kwa chuma hailindi vizuri.

Mafuta ya kupikia nayo yasitajwe. Yakikaa yanakuwa gundi.

Mtutu Safi

Namuunga mkono Mzee. Ukihitaji unyevu, tumia spiriti ya asilimia 90 au zaidi. Ile ya 70 ina maji mengi, nayo ukiitumia ukaushe papo hapo. Matone mawili au matatu kwenye kitambaa, usimimine. Spiriti haiyeyushi risasi. Inaondoa mafuta yaliyoishikilia, na kitambaa kinakokota inayobaki.

Mdomo wa bunduki uangalie chini muda wote. Kwa zile za hewa iliyojazwa, pindua bunduki juu chini, kwa sababu tundu linaloleta hewa mtutuni mara nyingi liko upande wa chini na kimiminika kitatiririkia kwenye vali.

Mpangilio: kitambaa kimoja chenye spiriti, subiri dakika mbili, kisha vikavu mpaka kitoke na rangi ya kijivu hafifu. Mara nyingi ni vitano hadi kumi. Soma rangi: nyeusi ni mafuta na vumbi, mistari inayong'aa kama fedha ni risasi, kahawia ni kutu. Usitafute weupe wa theluji, hauhitajiki.

Maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo ni kwa mtutu uliofunguliwa kabisa peke yake. Suuza, kausha mara moja, malizia na kitambaa chenye mafuta kidogo, kisha kingine kikavu.

Mgeni hapa

Wakuu, asetoni ya kuondolea rangi ya kucha je? Na kuna watu wanasema siki ukichanganya na haidrojeni peroksaidi inamaliza risasi yote.

Fundi Pete

Mkuu, asetoni inakula sili na pete za mpira, na tone moja likidondoka kwenye kitako linaondoa vanishi.

Mchanganyiko wa siki na peroksaidi usiuguse. Kweli unayeyusha risasi, na tatizo liko hapohapo: unaigeuza kuwa chumvi ya sumu inayoyeyuka majini, ambayo inaingia mwilini kirahisi kuliko risasi ngumu na huna pa kuimwaga. Tena siki inabandua rangi nyeusi ya chuma na kualika kutu.

Orodha iendelee: waya wa henga, sufi ya chuma ya kusugulia masufuria, dawa ya meno. Vyote vinakwaruza mifereji ya ndani.

Mgeni hapa

Asante. Yangu ni ya kuvunja mtutu (unaukunja chini ili kukoki), na ina kizuia sauti mbele.

Mzee wa Springi

Kizuia sauti kifungue kwanza, mwanangu. Kitambaa kikifika kwenye vile vyumba vya ndani kinatanuka na hakitoki. Kisichofunguka, pitisha uzi mtupu kwanza uone kama unatokea wenyewe.

Mtutu uufungue kiasi cha kuingiza uzi tu, usifike kwenye kukoki. Ukiwa umekokiwa na triga ikaguswa, unarudi juu kwa kishindo. Zile zinazokokiwa kwa wenzo ulio chini ya mtutu ndiyo usiachie wenzo huo hata sekunde moja vidole vikiwa kwenye tundu la kupakia.

Na kijiti cha pamba cha masikio kina kazi mbili. Futa sili ya mpira iliyo kwenye maungio ya mtutu. Halafu chukua kipya, kizungushe polepole kwenye ukingo wa mdomo. Nyuzi za pamba zikinasa mahali, pana kovu pale.

Mtutu Safi

Swali ambalo halijaulizwa: usafishe lini? Pale shabaha inapoanza kutawanyika bila sababu nyingine, baada ya kukaza skrubu zote na kujaribu kopo jingine la peleti. Ratiba ya kila wiki ni kujisumbua. Na ukishasafisha, usirekebishe darubini kwa peleti za kwanza. Piga peleti kumi hadi ishirini mtutu upate tabaka lake jembamba la risasi, kisha ndipo uangalie matundu yanavyokusanyika kwenye shabaha.

Usifyatue vipande vya pamba au kitambaa badala ya kuvuta. Ni vyepesi mno, pistoni inakosa hewa ya kuizuia mbele na inagonga mwisho wa silinda.

Mwanzisha mada

Nimalizie upande wa afya. Vaa glavu, usile wala kuvuta sigara wakati wa kazi, watoto wakae mbali. Vitambaa vilivyotumika viingie kwenye mfuko unaofungika, visifuliwe na nguo. Mikono ioshwe kwa sabuni, na meza ifutwe kwa kitambaa chenye maji. Ukipangusa kikavu, vumbi la risasi linapanda hewani.