Galaksi inachorwaje kwa parabole?

Fundi_Katuba: Jambo bandugu. Kazi yangu ni kufunga parabole, yaani dishi, hapa Lubumbashi, Katuba mpaka Ruashi. Nimeona ramani ya Wingu Kubwa la Magellan, galaksi jirani, wanasema imechorwa kwa redio. Sasa mimi nikielekeza parabole napata namba moja tu, nguvu ya ishara. Picha inatoka wapi? Na kama Australia wana ile ya mita 64 kule Parkes, kwa nini wahangaike na ndogo sita?

Mzee_wa_nyota: Kaka fundi, hata Parkes inapata namba moja kwa kila doa, yaani kipande cha anga inachokiona kwa wakati mmoja. Inapima, inasogea kidogo, inapima tena, mpaka anga lote la galaksi lijae namba. Wanasikiliza haidrojeni, wimbi la sentimita 21. Kwa wimbi refu hivyo, doa moja la Parkes lina nusu ya upana wa Mwezi. Kila kitu kinatoka ukungu.

Zile sita, za mita 22, ziko karibu na Narrabri, na tano kati yake zinatembezwa juu ya reli. Ishara za kila antena mbili zinaunganishwa, na umbali kati yao ndio unaoamua udogo wa doa. Walizielekeza kwenye sehemu zaidi ya 1,300 za anga, wakaona vitu vya upana wa miaka ya nuru 50 hivi, wakati galaksi yenyewe iko miaka ya nuru 160,000 kutoka kwetu. Mapovu makubwa yaliyopulizwa na nyota zilizolipuka yakajitokeza.

Ila sita hizo peke yake hazioni gesi iliyotandaa. Antena mbili haziwezi kukaribiana kuliko upana wao, basi utando mpana unawapita. Ukipima uzito wa gesi kwa ramani hiyo, utapata pungufu. Ndiyo maana vipimo vya Parkes viliongezwa ndani.

Dada_Nguba: Nanyi mtasema haidrojeni ya galaksi yetu haiwachanganyi? Haichanganyi sana, kwa sababu Wingu linatukimbia kwa kilomita 270 hivi kwa sekunde, ishara yake inashuka megahezi moja na kidogo chini ya 1420, masafa ya hilo wimbi la haidrojeni. Tena ninyi wa Lubumbashi mnaliona kwa macho, linapanda nyuzi 30 upande wa kusini. Huku Bukavu milima inalimeza.

Fundi_Katuba: Nina parabole ya mita tatu, ya wavu, imelala nyuma ya nyumba. Itasikia?

Mzee_wa_nyota: Doa lake litakuwa nyuzi tano, na Wingu lina kama kumi. Ramani usahau, kusikia inawezekana. Toa kichwa cha satelaiti, kinaanzia megahezi 3,400 au zaidi. Weka antena ya kopo iliyokatwa kwa 1420, na kikuza ishara kizuri papo hapo juu.

Fundi_Katuba: Kopo nitamwachia fundi bati. Wavu una matundu ya milimita sita, hautavuja?

Mzee_wa_nyota: Kwa sentimita 21? Hata ya sentimita moja ingefaa.