Historia ya marehemu bibi yetu: niandike nini kwa mama ambaye hakuajiriwa popote?

Mjukuu wa Kibosho
Wakubwa shikamooni. Tumefiwa na bibi mzaa baba, na Jumamosi tunamzika kihambani (shamba la ukoo linalozunguka nyumba, lenye migomba na kahawa), Kibosho, mkoani Kilimanjaro. Wazee wa ukoo wamenikabidhi kazi ya kuandika historia fupi itakayosomwa baada ya misa. Nimechukua historia ya marehemu babu kuwa mfano, nayo ilijaa shule aliyosoma na nafasi alizoshika katika chama cha msingi cha ushirika. Lakini kila ninapomwandikia bibi kwa mpangilio huo huo, najikuta nimemaliza kwa mistari michache: alizaliwa, aliolewa, alizaa, aliugua, akafariki. Hakusoma shule, na hata mwaka wa kuzaliwa haujulikani. Hata hivyo, sisi wajukuu na watoto wengi wa majirani tumekula na kusoma kwa jasho lake. Naomba ushauri kwa waliowahi kuandika historia za namna hii.

Katibu Mstaafu
Pole sana kwa msiba, mjukuu wetu. Kipengele cha kazi usikiache wazi, kwa sababu kazi alikuwa nayo. Tangu KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro, ilipoanzishwa mwaka 1933, kahawa ya kihamba ilizoeleka kupelekwa chamani kwa jina la mwenye kihamba, yaani baba, na malipo yakaandikwa kwake. Lakini aliyechuma zilizoiva, akazimenya kwa mashine ya mkono, akaziosha baada ya kuchachuka na kuzianika kwenye vichanja, huku akikimbia kuzifunika kila mvua ilipotishia, mara nyingi alikuwa mama. Ikiwa ndivyo ilivyokuwa kwenu, basi hizo nafasi za babu chamani zilitegemea kahawa iliyoandaliwa na bibi, nawe usione haya kuliandika hilo. Taja pia ng'ombe wa kufungia ndani, maana majani yao hukatwa mbali, hupandishwa mlimani yakiwa kichwani, na samadi hurudi kwenye migomba, mwaka mzima bila likizo.

Kuhusu mwaka wa kuzaliwa, anza na daftari la ubatizo la parokia. Likikosekana, waulize wa rika lake kama Mwenge wa Uhuru ulipowashwa kileleni Kilimanjaro, Desemba 1961, alikuwa msichana au ameshaolewa, kisha uandike kwamba mwaka huo ni wa makadirio.

Mama wa Uru
Pole mwanangu. Katibu ameeleza vyema, ila akina baba huanza na kahawa. Fedha ya kahawa ilikuwa ya baba. Ndizi na maziwa ndivyo vilivyokuwa mikononi mwa mama, na ukitaka kujua ukarimu wa bibi yako ulipitia wapi, ufuate huko. Usiandike tu kwamba "alikuwa mkarimu na mpenda watu", kwa kuwa maneno hayo husomwa kwenye kila kaburi, hata la mtu aliyewanyima majirani zamu ya maji ya mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia (Mungu anisamehe). Andika kwamba jirani alipojifungua alipelekewa mtori (supu nzito ya ndizi) na maziwa, kama ndivyo alivyofanya, na kwamba mkungu uliokusudiwa soko la Kiboriloni uliweza kuishia kwenye nyumba yenye msiba. Jambo moja ninakuomba: aliyelipiwa ada akiwa mtoto usimtaje jina, kwa sababu leo ni mtu mzima na atakuwa ameketi hapo pamoja na wanawe.

Msomaji wa Machame
Kwa heshima, Mama, hapo sikubaliani nawe kikamilifu. Wapo wanaotamani kutajwa na wanaoumia wasipotajwa, hivyo ni afadhali waulizwe kwanza, na anayependa apewe nafasi ya kusema mwenyewe wakati wa salamu za majirani. Nyongeza yangu ni kwamba bibi atajwe kwa jina lake kamili na kwa ukoo aliozaliwa. Nimehudhuria mazishi ambako mama alisomewa historia nzima kama mke wa fulani na mama wa fulani, huku kaka zake wakisikiliza kana kwamba marehemu hakuwa na kwao. Pia usimgeuze malaika: kama alikuwa mkali katika kupatana bei, sema, maana huenda ukali huo ndio uliopatia ile ada.

Mjukuu wa Kibosho
Asanteni sana. Mdogo wake bibi anasema Mwenge ulipowashwa, bibi alikuwa tayari ameolewa na alikuwa amembeba baba mkubwa mgongoni, kwa hiyo nimepata pa kuanzia. Mmoja wa waliolipiwa ada amekubali kusimama na kusema mwenyewe. Wazee wameagiza historia isizidi ukurasa mmoja, kwa hiyo nitaondoa orodha ya wajukuu na vyeo vyao, ambayo peke yake ilikuwa imekula nusu ya ukurasa, na hapo ndipo nitakapoweka kahawa, majani na ndizi. Najua baadhi ya ndugu zangu watalalamika.