Mitetea wangu wameanza kutaga: nianze leya (chakula cha wanaotaga) sasa au nimalize growa (chakula cha wanaokua) kwanza?

Mama wa Wiyoni, Amu

Assalam aleikum ndugu zangu. Nina mitetea 30, nimewalea mwenyewe tangu vifaranga wa siku moja, na Ijumaa iliyopita wametimiza wiki 18. Jumapili alfajiri nafungua banda, nikakuta yai la kwanza, dogo kama ndimu kubwa, lina mstari wa damu. Jumanne yakawa matatu. Moja katika hayo halikuwa na ganda kabisa. Nilipolishika lilibonyea mkononi kama kifuko cha maji.

Bado nina growa nusu gunia, na jingine zima halijafunguliwa. Gunia kufika kwangu si mchezo: linavuka kwa boti kutoka Mokowe, linapandishwa gatini, halafu linabebwa na punda mpaka mlangoni, na kila hatua ina malipo yake. Kwa hivyo nikiambiwa nibadilishe, nataka kujua sababu.

Tena nina hofu. Kundi langu la kwanza, muuzaji aliniambia leya inawaharakisha kutaga, nikawaanzishia wakiwa na wiki 10. Wakawa wanakunywa maji kupita kiasi, kinyesi kikawa cheupe cha majimaji, wakakonda. Wakafa wanne. Mmoja nilimpasua mwenyewe: mafigo yamevimba, na ndani yana weupe kama unga wa chokaa. Tangu siku ile nikilisikia neno leya moyo unasita.

Mawili mengine. Kila siku jikoni kwangu hubaki machicha ya nazi; naweza kuyachanganya na leya ili gunia lidumu? Na jirani yangu, fundi wa kujenga, ameniambia nitie chokaa kidogo katika chakula ili maganda yakaze. Chokaa anayo, yuko tayari kunipa. Nichukue?

Mfugaji wa Ganda, Malindi

Waalaikum salaam dada, na pole kwa wale wanne. Ulichokiona kwenye mafigo ndicho kinachotokea leya ikitangulia. Growa ina kalsiamu kama asilimia 1. Leya ina asilimia 3.5 mpaka 4. Kuku wa wiki 10 hatagi, kwa hivyo kalsiamu yote ile hana pa kuipeleka, na mzigo unaangukia figo.

Lakini hawa wa sasa hali yao ni kinyume. Ganda la yai moja linahitaji kama gramu 2 za kalsiamu. Mtetea anayetaga huku anakula growa anaitoa katika mifupa yake mwenyewe. Ukimwacha hivyo utaona mayai laini yanazidi, kisha siku moja kuku ameketi tu, miguu haimbebi. Yai moja la ngozi mwanzoni si jambo la kutisha, mwili bado unajifunza kazi. Yakiwa mengi ndipo pana tatizo.

Usiangalie kalenda peke yake. Usiku wakiwa wametulia, ingia na taa uwapapase mmoja mmoja. Aliye karibu kutaga undu wake umekuwa mwekundu na umejaa, na ile mifupa miwili ya nyonga chini ya mkia imeachana kiasi cha kupitisha vidole viwili. Mchana, ukimkaribia, anachutama na kutandaza mbawa kidogo. Ukiwakuta wengi hivyo, anza leya. Kwa kundi lako mayai matatu kwa siku yanatosha kuwa ishara, na waliochelewa kidogo hawatadhurika katika umri huo.

Usibadilishe kwa siku moja, watasusia chakula. Siku mbili za kwanza tia robo ya leya kwa robo tatu za growa, mbili zinazofuata nusu kwa nusu, kisha robo tatu za leya, kisha leya tupu. Nusu gunia lako litapungua humo humo. Lile zima usiliweke likusubiri kundi jingine. Kwa unyevu wa pwani yetu unga unashika ukungu upesi, na ukungu ni sumu kwa kuku. Mtafute mwenye kuku wa wiki 10 au 12 umuuzie, na magunia yako yainue juu ya mbao, yasiguse sakafu wala ukuta.

Kwa hesabu, kuku mmoja anayetaga anakula gramu 110 mpaka 120 kwa siku. Wako 30 watamaliza kama kilo 3 na nusu. Gunia la kilo 70 litakufikisha siku 19 au 20, basi agiza la pili mapema kabla boti haijakuchelewesha.

Machicha wape, lakini kiganja tu jioni, mabichi ya siku ile ile. Ukiyachanganya na leya unapunguza protini na kalsiamu uliyoilipia punda. Kuku anajaza tumbo, yai halipati kitu.

Bibi wa Hindi

Dada wa Wiyoni, tafadhali chokaa hiyo usiichukue! Chokaa ya kujengea ni mawe yaliyochomwa tanurini. Inaunguza ngozi ya fundi, sembuse koo la kuku. Chokaa ya mifugo ni mawe yaliyosagwa tu bila kuchomwa, na mwenye duka la dawa za mifugo anaijua.

Mimi natumia maganda ya chaza ninayopata kwa wavuvi baada ya nyama kuliwa. Nayaosha maji matamu mpaka chumvi iishe, nayaanika, nayatwanga kinuni, lakini siyafanyi unga. Yabaki chembe kama mchele. Nayaweka katika kopo peke yake pembeni, anayetaga atajiendea, asiyetaga atayapita. Saa kumi jioni ndio wakati wake, kwa kuwa ganda linajengwa zaidi usiku na chembe kubwa zinayeyuka polepole tumboni. Usiende kuokota makombe katika hifadhi za bahari, hairuhusiwi.

Na wakati wa kaskazi, jua likiwaka, kuku hula kidogo mchana. Walishe alfajiri na jioni, na maji yawe ya baridi kivulini. Kuku akikosa maji nusu siku tu, mayai yanapungua.

Mama wa Wiyoni, Amu

Allah awalipe kheri. Usiku huu nimeingia na taa kama nilivyoelekezwa. Kati ya 30, kumi na tisa undu ni mwekundu na vidole viwili vinapita. Wengine kidole kimoja kwa shida. Yule mdogo mwenye madoa, ambaye nilidhani ndiye aliyetoa yai la ngozi, kumbe hata bado.

Chokaa ya jirani nimeikataa kwa shukrani, nikamweleza. Leya nimeagiza gunia moja, linavuka kesho adhuhuri. Maganda ya chaza yako juu ya dari yanakauka, na asubuhi mwanangu ataazima kinu kwa bibi yake.

Growa ile nzima iko hapa. Kama kuna mtu Shela au Matondoni ana kuku wa wiki 10, aniandikie.